Tupeane uzoefu: gemu za mtandaoni, hadithi inakata stimu wapi?

Mzee wa Bando: Wakuu, kuna mtu analalamika Final Fantasy XIV imemshinda mwanzoni, nikajua tu amekwama wapi. Waking Sands, makao ya kundi lenu. Yako mji wa Vesper Bay, na Vesper Bay haina jiwe la kusafiria. Unaruka hadi Horizon, unapanda chocobo (ndege mkubwa wa kupandwa kama farasi), unakata jangwa, mlango wa kwanza, mlango wa pili, unaambiwa sentensi tatu, unarudishwa ulikotoka. Ni kama unaitwa Posta halafu daladala inakushusha Fire, kila siku. Ukifika leveli 50 adui mkubwa keshaanguka, zinafuata misheni kama 100 za kutumwatumwa kabla ya kuingia Heavensward, sehemu ya pili ya hadithi. Agosti 2020, toleo la 5.3, ndipo wakazifyeka baadhi. Haya, kwenu imekata wapi?

Dada Mage: Fire! Hapo umeua mkuu.

Kichwa Ngumu: Mnasoma maneno ya nini? Ruka, ruka, ruka, ufike kwa mabosi, wale maadui wakubwa.

Msaga Ngano: Ndiyo maana unachoka mapema, Kichwa. Mzee wa kijiji analia dunia inaungua, halafu anataka ngozi 10 za nguruwe pori, na nusu ya nguruwe unaowaua hawana ngozi. Angalia Old School RuneScape: mpishi anataka yai, ndoo ya maziwa na chungu cha unga, basi. Lakini unga unausaga mwenyewe: panda juu ya kinu, mimina ngano, vuta mtambo, shuka ukachote. Umesahau chungu? Utarudi. Ukimaliza unajua mji mzima. Ubaya wao ni hesabu: leveli 99 ya ujuzi mmoja inataka alama 13,034,431, na nusu ya njia ni leveli 92.

Kichwa Ngumu: Ngozi 10 ni dakika tano. Uvivu tu.

Nahodha: Achaneni na nguruwe. Januari 2014, EVE Online, gemu ya vyombo vya angani, mfumo wa nyota wa B-R5RB. Muungano mmoja bili ya umiliki haikulipwa, eneo likabaki wazi, wapinzani wakaingia. Vita saa 21. Seva ikalemewa, muda ukapunguzwa hadi asilimia 10, yaani sekunde moja inachukua kumi. Titan 75, vyombo vikubwa kuliko vyote, zikateketea. Hakuna mwandishi aliyepanga hayo.

Dada Mage: Saa 21?! Kwa umeme wa wapi?

Mzee wa Bando: Uzi umeshatekwa.

Bi Kete: Kwa mnaoendesha gemu za hadithi za kuandikiana kwenye magrupu ya WhatsApp, kila mtu na mhusika wake: msimamizi akiuliza "mnafanya nini?" grupu zima linanyamaza, kila mtu anamsubiri mwenzake. Mtaje mmoja: "Mlango unavunjwa, uko karibu nao wewe, unafanyaje?" Wachezaji wanne au watano, si kumi na tano. Saa 24 zikipita kimya, mhusika wake anajikinga, hadithi inaendelea. Vita ikizidi mizunguko mitatu, adui akimbie.

Msaga Ngano: Saa 24 ni nyingi dada, 12 zinatosha.

Kichwa Ngumu: Mimi nasema wiki. Watu wana kazi.

Dada Mage: Sasa Nahodha, hiyo bili ilikuwa shilingi ngapi?

Nahodha: Kule wanalipa ISK, si shilingi.

Dada Mage: Ndiyo maana walisahau.