Nimekwama getini na kirikuu imejaa vyombo, mpangaji wa zamani kagoma kutoa funguo. Nifanyeje?

Mhamaji
Wakuu habari za Jumamosi, naandika hapa nimekaa juu ya ndoo kwa hiyo mnisamehe kama mpangilio sio mzuri.

Leo ndo nahama kutoka Tabata kuja Goba. Saa mbili asubuhi tushapakia, na kule nilikotoka mpangaji mpya alikuwa anasubiri mlangoni na godoro lake, kwa hiyo hakuna kurudi. Saa tano tukafika hapa, dalali alishaniambia "we njoo tu bosi funguo utazikuta". Nimezikuta kweli, ila ziko mfukoni mwa jamaa aliyekuwa anakaa humu. Vitu vyake kashatoa vyote, nyumba tupu, kapiga kufuli kakaa barazani, anasema hatoi funguo mpaka mwenye nyumba amrudishie hela ya miezi miwili aliyokuwa kashailipia, laki sita. Wala sio mkorofi, kanipa pole na mwanangu kamnunulia maji, ila funguo hatoi.

Mimi nimelipa miezi sita kwa laki tatu na nusu, yaani milioni mbili na laki moja yote iko kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba yuko Dodoma, anapokea simu anasema "subiri kidogo nalishughulikia" toka saa sita. Dalali simu haipatikani. Nilimpa laki tatu, imebaki elfu hamsini tukakubaliana nammalizia nikishapewa funguo. Dereva wa kirikuu tulipatana elfu sitini, sasa hivi saa tisa anataka nyongeza ya kusubiri na mimi namuelewa.

Kingine, mama mkwe yupo. Alikuja toka Lushoto kutusaidia kuhama. Tumeshusha kochi moja akae, yuko pembeni ya barabara kwenye kochi langu kama yupo sebuleni, anasalimia wapita njia, mimi naona aibu sijui nitazame wapi. Na wingu limeanza kukusanyika kule Madale. Kuna fundi hapa anasema kukata kufuli ni dakika tano, elfu kumi. Nikate?

KaptulaNyeusi
Usikate!! Narudia usikate mkuu. Mkataba unao sawa, lakini hujakabidhiwa nyumba, mwenye funguo ni yeye na yupo hapohapo anakuangalia. Ukivunja, kesho anasema ndani kulikuwa na tv na laki nane ya mchezo, utabisha kwa ushahidi gani? Hapo utatoka kuwa mdai uwe mtuhumiwa. Nenda kwa mjumbe sasa hivi. Ofisi ya serikali ya mtaa leo imefungwa, ila mjumbe anakaa hapohapo mtaani, muulize muuza genge yeyote atakuonyesha.

Jicho la Tatu
Ulilipaje milioni mbili bila funguo mkononi? Watu wa mji huu mnapenda kulia.

Mama Wawili
@Jicho la Tatu mtu ana mtoto na mkwe barabarani we unaleta masimango, hiyo ungemwambia wiki iliyopita. Mhamaji kaka yangu, kwanza achana na kirikuu. Ombeni jirani yeyote mwenye baraza mshushe vitu, mlipe dereva mpe na elfu kumi ya juu aende zake, maana kila saa akikaa hapo na wewe akili inakaa kwake badala ya kwenye funguo. Godoro na tv viwe vya kwanza kuingia chini ya bati, makochi funika na turubai. Friji ishushe isimame wima, isilale, na hata ukiingia usiiwashe hapohapo, iache itulie masaa kadhaa. Mi nilihama wakati wa masika kwenda Kimara godoro likanyeshewa mvua, tulilalia wiki mbili linanuka kama mbwa.

Wakili wa Uchochoroni
Kuna wa kukuambia nenda baraza la kata. Sikukatazi, ila elewa toka sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Hukumu inaanzia baraza la ardhi na nyumba la wilaya na huko sio kwa kulala leo. Halafu ugomvi huu sio wako. Jamaa anamdai mwenye nyumba na wewe unamdai mwenye nyumba, mko upande mmoja ila mmekaa mnatazamana kama maadui. Fanya naye urafiki, piga simu weka sauti kubwa muongee wote wawili na mwenye nyumba kwa pamoja, asipate nafasi ya kukuambia wewe hili na yeye lile. Hela ipo, umempa wewe mwenyewe juzi.

Njugu Karanga
Huku Nairobi funguo hukaa na mtu wa kuangalia ploti, unalipa deposit na rent ya mwezi mmoja tu basi unapewa. Hii ya miezi sita kwa mpigo nyinyi Watz mnaitoa wapi jameni.

Mama Wawili
@Njugu Karanga na hiyo deposit huwa mnarudishiwa?

Njugu Karanga
Hapo sasa umeniweza dada 😂

Dalali Mstaafu
Nimefanya hii kazi miaka tisa Sinza na Mwenge, sijivunii. Nikwambie kitu kimoja kijana. Simu ya dalali haizimwi, dalali ana laini mbili au tatu, iliyozimwa ni ile unayoijua wewe. Wala usimtukane kwa meseji. Mwandikie hivi tu: "Hela yako iliyobaki ninayo mkononi, niko getini, uje uchukue." Basi. Halafu kaa utulie.

Na yeye ndo unayemuhitaji kuliko mtu yeyote, kwa sababu dalali anajua hela ya ile nyumba inashikwa na nani. Mara nyingi huyo mzee wa Dodoma ni jina tu kwenye mkataba, anayeshika ni mke au mtoto mkubwa.

Mhamaji
Nimetuma. Ngoja nione. Vitu tumeshusha kwa mama wa nyumba ya pili, kakubali bila maneno, dereva kachukua sabini kaondoka. Mama mkwe kagoma kuhama kwenye kochi anasema hapa kuna upepo.

Bint Tanga
Mwache mama apunge upepo jamani. Kaka mkishafungua, kabla ya kuingiza chombo chochote, tanguliza chumvi na maji. Kwetu mama hawezi kuingia nyumba ngeni bila hivyo, na fagio la zamani usihame nalo.

Mhamaji
Wakuu hamtaamini. Dakika ishirini haijaisha dalali kapiga kwa namba nyingine, "bosi simu ilikuwa chaji". Kaja na bodaboda kavaa na miwani. Kumbe Mstaafu alisema kweli, hela anashika mke wa mzee na yupo Makongo tu hapo, sio mbali. Dalali kampigia mbele yetu. Mjumbe naye kafika, mama mmoja mtu mzima mtaratibu sana, kasikiliza kila mtu hajamkata mtu kauli hata mara moja.

Katika maongezi ndo najua jamaa alikuwa analipa laki tatu kwa mwezi. Mimi laki tatu na nusu. Nyumba ileile, hata rangi haijapigwa. Nilimwangalia dalali akawa anasoma simu yake.

Mke wa mzee kasema ana laki nne sasa hivi, laki mbili Jumatatu. Jamaa anasema yote au hakuna. Tumekwama tena hapo, saa kumi na mbili hii, matone yameanza.

Wakili wa Uchochoroni
Mwambie mjumbe aandike. Karatasi yoyote hata ya daftari la mtoto: jamaa kapokea laki nne kwa simu, namba ya muamala iandikwe, zilizobaki laki mbili zinalipwa Jumatatu, na funguo zimekabidhiwa kwako leo saa fulani zikiwa ngapi. Sahihi ya jamaa, yako, ya dalali kwa niaba ya mwenye nyumba, na mjumbe. Kila mtu apige picha. Jamaa anaogopa kwamba akitoa funguo hana tena cha kushikia, basi mpe karatasi yenye mjumbe ndani yake ndo iwe ya kushikia. Ila wewe USIWEKE kwamba utamlipa hata shilingi, maana hapo ndo watu huingizwa kwenye deni lisilo lao.

KaptulaNyeusi
Kabla hujasaini zunguka nyumba nzima na simu, rekodi video. Vioo, mabomba, choo, soketi. Na soma mita ya maji kabisa.

Mhamaji
NIMEINGIA. Saa moja na nusu. Imeandikwa karatasi kama Wakili alivyosema, laki nne imesoma kwenye simu ya jamaa, kanipa mkono na funguo mbili. Ya tatu ya chumbani anasema ilipotea toka mwaka jana. Dalali kachukua elfu hamsini yake na bado ananiuliza kama nina ndugu anatafuta nyumba.

Mabaya: ankara ya maji ina deni la elfu themanini na sita, jamaa kasema aliambiwa itakatwa kwenye hela yake, mke wa mzee anasema hajui hilo. Nimeongeza kwenye karatasi kwamba sio deni langu. Na umeme, LUKU ilikuwa na yuniti chini ya moja, imekata tukiwa tunaingiza kabati. Tuko gizani na tochi za simu.

Mama Wawili
Afadhali! Namba ya mita imeandikwa kwenye mita yenyewe, tarakimu kumi na moja, nunua kwa simu hapohapo. Usishangae ukipata yuniti pungufu, kodi ya jengo inakatwa humo, na hiyo ni ya mwenye nyumba sio yako, weka risiti.

Dalali Mstaafu
Kesho asubuhi kabla ya chai badilisha vitasa. Hiyo funguo ya tatu haijapotea bure, na sijui wapangaji wangapi walipita hapo kabla ya huyo. Ukinunua kitasa kipya cha kawaida fundi anakifunga kwa muda mfupi. Leo usiku weka kabati nyuma ya mlango.

Jicho la Tatu
Hongera. Lakini ungelipa nusu kwanza nusu kwa funguo usingefika huko.

Mhamaji
@Jicho la Tatu sawa mkuu nimekusikia mara ya pili.

Umeme umewaka, nimeweka wa elfu kumi. Mtoto kalala juu ya nguo. Wote mliochangia Mungu awabariki, Mstaafu nakudai soda. @Bint Tanga mama mkwe kasimama mlangoni na kikombe cha maji hataki kuingia, anauliza chumvi iko boksi gani, na boksi la jikoni ndo liko chini kabisa ya yote, bado lipo barazani kwa jirani.