Posti zangu za Insta za ufugaji kuku nazipelekaje TikTok na YouTube Shorts?

MamaVifaranga_Moro
Habari zenu wadau, naombeni mawazo yenu. Nafuga kuku wa kienyeji huku Morogoro na tangu 2020 naposti Insta mambo ya ufugaji, siuzi tu nafundisha pia, kulea vifaranga, chanjo, kuchanganya chakula, yaani kila nilichojifunza bandani nakiweka. Nina posti mia tatu na kitu, nyingi ni zile picha nane mpaka kumi za kuswaipu halafu chini kapsheni ndefu na ile kapsheni ndio somo lenyewe, na video chache za mraba nilizopiga zamani.

Sasa majirani zangu wanaofuga na wateja wangu wengi wako TikTok na YouTube, Insta hawapo kabisa, mtu ananipigia simu saa nne usiku vifaranga wanakufa anauliza kitu ambacho nimeshakiandika mara tatu. Inaniuma kwa kweli maana jibu lipo ila lipo mahali asipopita.

Nimejaribu posti moja, nikachukua picha zote nikatia CapCut, ile app ya kuediti video, kila picha sekunde tatu, muziki chini, na kapsheni yote nikaibandika juu ya picha. Waliotazama ni wachache na walioniandikia wanasema maandishi hayasomeki. Mnazigeuzaje hizi posti? Sitaki kuanza upya, ni kazi ya miaka na mambo yenyewe hayajabadilika, kifaranga wa mwaka huu anakufa kwa baridi kama wa 2020. Simu yangu ya kawaida tu na bando la kuhesabu. Natanguliza shukrani.

fundi_klipu
Dada pole na hongera, hiyo ni hazina umekaa nayo. Nianze na mafaili kwanza maana hapo wengi ndio wanaharibu. Usipige skrinishoti posti zako na usirekodi skrini, ubora unashuka na vitufe vya Insta vinaonekana. Kama picha zenyewe hauna tena kwenye simu, ingia mipangilio ya Insta kwenye Kituo cha Akaunti, kuna sehemu ya kupakua taarifa zako, unaomba wanakuandalia faili lenye picha, video na kapsheni zako zote, na unaweza kuchagua kipindi, omba mwaka mmoja mmoja ili bando lisiishe kwa siku moja. Na ukihamisha video kutoka simu moja kwenda nyingine kwa WhatsApp itume kama hati usiitume kama video ya kawaida, maana WhatsApp inaibana mpaka manyoya ya kuku yanakuwa ukungu.

Pili umbo. Video zako za mraba TikTok zitakaa katikati na weusi juu na chini. Fungua CapCut chagua 9:16, yaani umbo la simu iliyosimama, halafu ile video ya mraba isukume juu kidogo na nafasi ya chini yake iweke maneno machache makubwa. Ila usiweke maneno chini kabisa wala ukingo wa kulia, pale TikTok wanaweka jina lako, maelezo na vile vitufe vya moyo na komenti, na Shorts nao wanafanya hivyohivyo, nadhani hata hili limechangia maandishi yako kutosomeka. Maneno saba kwa skrini yanatosha.

Tatu, ukimaliza kuediti hifadhi faili safi kwenye simu, ndilo upakie TikTok, na hilohilo YouTube. Usipakie TikTok kwanza halafu upakue ile yenye nembo inayorukaruka ukaipeleke kwingine. Insta wenyewe walishasema 2021 kuwa Reels, yaani video zao fupi, zenye nembo ya app nyingine hawazipendekezi kwa watu. Muziki nao uangalie, ule uliouweka ndani ya Insta hauna ruhusa ya kwenda nao YouTube, na akaunti ya biashara TikTok wanakupa maktaba yake ya muziki, sio kila wimbo. Kwa masomo yako mimi ningeacha muziki kabisa, sauti ya vifaranga inatosha.

MzeeUgani
Binti yangu nimekuwa afisa ugani, kazi ya kuelekeza wafugaji, miaka mingi na hao wanaokupigia simu usiku nawajua. Huyo fundi kasema vizuri kuhusu simu, mimi naongelea somo.

Kapsheni yako usiibandike, isome. Na wala usiisome yote. Kwenye picha mtu anakaa anasoma mistari kumi na tano kwa raha yake, kwenye video anasikiliza huku anapika au yuko kwenye bodaboda, kwa hiyo posti moja yenye mambo matano ni video tano. Chukua mfano wa joto la vifaranga. Najua umeandika wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, ni sawa, lakini mfugaji wa kijijini kipimajoto hana. Wewe simama bandani uwaonyeshe, vifaranga wamejazana chini ya taa wanapandana hao wana baridi, wamekimbilia pembeni wameachama midomo na kushusha mabawa hao joto limezidi, wametawanyika vizuri wanakula hao wako sawa. Hiyo ni sekunde thelathini na hakuna kapsheni duniani itakayoifikia, na hapo ndipo video inaizidi picha kwa mbali sana. Lakini uchanganyaji wa chakula, kilo ngapi za pumba kilo ngapi za mashudu, hiyo video inakimbia mtu hajaandika. Hiyo iache kama picha.

Halafu jambo moja nakusihi. Kabla ya kurudisha posti ya dawa au chanjo ya zamani isome upya neno kwa neno. Chanjo ya I-2 ya kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, ni tone moja jichoni na inarudiwa kila miezi mitatu, na ya kunywesha haitaki maji ya bomba yenye klorini, klorini inaua chanjo mtu anadhani kachanja kumbe kanywesha maji. Kwenye Insta ukikosea kipimo unaingia unarekebisha kapsheni, lakini ukishakisema kwa mdomo kwenye video na watu wameipakua wametumiana WhatsApp hakirudi. Wengine wanaipata video peke yake bila maelezo yako ya chini, kwa hiyo neno la hatari liwe ndani ya video yenyewe.

kuku_wa_Kiambu
Sasa mimi niko upande wa Kenya, na hapo kwa picha naungana na Mzee. Si lazima kila kitu kiwe video. TikTok iko na posti za picha za kuswaipu tangu 2022, unaeza weka mpaka picha 35, mtu anaswaipu mwenyewe kwa speed yake kama vile Insta tu. Mimi ratiba ya chanjo na mambo ya chakula naweka hivyo na watu wanasave sana kuliko video. Kitu nilibadilisha ni picha ya kwanza pekee, kwa Insta nilikuwa naanza na picha safi ya kuku, huku naanza na swali kubwa kwa maandishi, "Mbona vifaranga wanakufa siku ya tatu?"

Kwa YouTube ni tofauti kidogo, watu wanasearch. Andika kichwa vile mfugaji angeuliza, "dalili za kideri kwa kuku", si "somo la 14". Na Shorts siku hizi ni mpaka dakika tatu, walibadilisha Oktoba 2024, na video ya mraba pia inaingia, so zile zako za zamani zenye maelezo ziko sawa bila kukatwa. Ukitaka kulipwa lakini jua mapema, masaa 4,000 ya kutazamwa ambayo YouTube wanahesabu ni ya video ndefu, views za Shorts haziingii hapo, kwa Shorts wanataka subscribers 1,000 na views milioni 10 ndani ya siku 90. Kwa hivyo usipime kazi yako na hiyo pesa.

Na usianze na posti iliyo na likes nyingi. Anza na ile watu waliuliza maswali mingi kwa komenti, yale maswali ndio script yako tayari.

MamaVifaranga_Moro
Mzee Ugani shikamoo, na asanteni wote, nimesoma mara mbili. Nimefanya ya joto jana jioni kama ulivyosema, nikazima taa moja vifaranga wakajikusanya wenyewe ndani ya dakika chache nikawapiga klipu halafu nikaiwasha tena fasta, nikaongea mwenyewe bila muziki, sekunde 38. Kati ya kapsheni ya mistari kumi na tano nimetumia mitatu tu. Asubuhi jirani kaja na simu mkononi ananionyesha ile video, hajui hata kama ni mimi maana sura haionekani, anasema vifaranga wake wako hivyohivyo, tukaenda kwake tukashusha taa.

Na ile posti ya chanjo nimeisoma upya, sikuwa nimetaja habari ya klorini kabisa. Nimeiongeza Insta kwanza. Mzee, kwa maji ya bomba anayekaa mjini asiye na kisima nimwambie nini, ayaache wazi usiku kucha au hiyo nayo haitoshi?

MzeeUgani
Marahaba binti. Usimwambie ayaache usiku kucha, mengine klorini haiishi kirahisi hivyo. Mwambie atafute ya mvua au ya kisima, au atumie ile ya tone la jicho ambayo hainyweshwi kwenye maji. Na ukiirekodi, shika kuku mwenyewe uonyeshe jicho lilivyopokea tone, usubiri apepese ndipo umwachie, hapo wengi wanaharakisha tone linamwagika.