Naomba ushauri: vifupisho vya Kihispania cha mitaani kwenye nyaraka za biashara

Mfasiri_Kizota: Wakuu, habari zenu. Ninafanya kazi ya ufasiri katika kampuni ya hapa Dodoma inayouza ufuta nje, na mnunuzi wetu wa Hispania hutuandikia kwa WhatsApp kama anayemwandikia rafiki yake. Ujumbe wake wa mwisho unasomeka hivi: "Xfa confirma la fra., xq el banco no paga sin el fito. 19.500 kg, pago 30 d f.f. Salu2 y bss." Mkurugenzi anataka tafsiri ya Kiingereza iingie kwenye jalada la mkataba. Je, nitafute vifupisho vya Kiingereza vya namna hiyo, au niandike maneno kamili? Na mabusu ya mwishoni, yaani hiyo "bss" ("besos"), niyafanyeje?

Karani_Mstaafu: Maneno kamili, mkuu. Kwanza kirefushe kila kifupisho kwa Kihispania chenyewe: "xfa" ni "por favor", na "salu2" ni "saludos", kwa kuwa 2 husomwa "dos". Kuwa makini na "xq", kwani alama ya kuzidisha husomwa "por", na kifupisho hicho kimoja hubeba "porque", yaani kwa sababu, na pia "por qué", yaani kwa nini. Hapa anatoa sababu, haulizi. "Bss" ni salamu ya kawaida kati ya watu waliozoeana. Weka salamu ya heshima ya barua ya kibiashara.

Mama_Alizeti: Ndugu yangu, mimi ninaogopa zaidi vifupisho vya kiofisi vilivyojificha humo. "Fra." ni ankara, na "f.f." ni "fecha factura", kwa hiyo siku 30 za malipo zinahesabiwa tangu tarehe ya ankara, wala si tangu mzigo ushuke bandarini. Nukta katika 19.500 inatenga maelfu. Kwa Kiingereza weka mkato, la sivyo msomaji ataona kilo kumi na tisa na nusu kwenye mkataba wa tani. "Fito" ni cheti cha usafi wa mimea, ambacho kwetu hutolewa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Nakili jina lake la Kiingereza kama lilivyochapishwa kwenye cheti.

Mwana_Kondoa: Naongezea: ambatisha ujumbe wa asili bila kuugusa, pamoja na hayo mabusu, kwa sababu ukitokea mgogoro ndio utakaosomwa kwanza.

Mfasiri_Kizota: Ahsanteni sana. Nimemwomba mnunuzi athibitishe masharti ya malipo kwa maneno kamili kabla sijaikabidhi tafsiri.