Mrejesho: sheria za boti ya matembezi Florida

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama mtu aliyenunua boti ya mitumba ya futi 18, yenye injini ya nguvu farasi 90, anahitaji leseni ili kuiendesha huku Florida. Nawashukuru kwa dhati wote mlionijibu.

Jibu ni kwamba, kwa kuwa nimezaliwa baada ya Januari 1, 1988, sheria inanitaka niwe na kadi ya mafunzo ya usalama wa boti, pamoja na kitambulisho chenye picha, kila ninapoendesha boti ya nguvu farasi 10 au zaidi. Nimesoma, nimefaulu, na kadi ninayo. Usajili nao una muda wake, yaani siku 30 tangu kununua.

Lililonishtua ni mtungi wa kuzimia moto. Aliyeniuzia alinihakikishia kuwa ni mzima, na mshale wake ulikuwa kwenye kijani, lakini nilipoupindua nikakuta chini pamechongwa 09, yaani ulitengenezwa mwaka 2009, ilhali mtungi usiojazwa upya hautakiwi kuzidi miaka 12. Naomba sana mpindue ya kwenu leo.

Jaketi okozi ninazo za kila abiria, na boya la kurusha pia. Mwanangu wa miaka 4 halivui jaketi lake boti inapotembea, kwa sababu aliye chini ya miaka 6 analazimika kulivaa.