Mkaguzi wa ndani aliyefunga hoja zetu kwa miaka saba, leo anazitumia kuombea kura za ubunge

Wakuu, heshima kwenu. Nimekaa siku tatu kabla ya kuandika uzi huu, nikitumaini kwamba hasira itapungua nisije nikaweka hapa neno nisiloweza kulisimamia, lakini haikupungua. Mtu huyo sitamtaja jina, wala halmashauri aliyoitumikia, isipokuwa niseme kwamba ni mojawapo ya zile za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini zinazoishi kwa ushuru wa viazi, mahindi, mbao na parachichi. Mimi ni mfanyabiashara wa viazi mviringo na katibu wa kikundi cha wanawake 12. Nayaandika niliyoyaona kwa macho yangu, na pale ninapokisia nitasema kwamba ninakisia.

Jumamosi iliyopita mheshimiwa mtarajiwa alikuwa mgeni rasmi kwenye fainali ya mpira wa vijana katika uwanja wa shule yetu ya msingi. Aligawa jezi seti mbili na mipira, kisha akashika kipaza sauti na kutusimulia historia yake. Alisema kwamba kwa miaka saba akiwa mkuu wa kitengo cha ukaguzi wa ndani alikuwa mlinzi wa fedha za wananchi, kwamba alipambana na wabadhirifu peke yake, na kwamba ndiye aliyegundua vikundi hewa 11 vilivyochota mikopo ya asilimia 10. Uwanja ulilipuka kwa makofi na vigelegele. Mimi sikupiga makofi, kwa sababu habari ya vikundi vile ninaijua tangu mwaka 2022, na niliijulia nyumbani kwangu, kwenye kibaraza changu, kutoka kwake yeye mwenyewe.

Kwa wasiofahamu, halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Sisi tuliomba mwaka 2020. Tulitaka shilingi milioni 8 za kununulia mbegu bora za viazi na kujenga ghala dogo la mbao, tukaandika katiba ya kikundi, tukafungua akaunti, tukapeleka muhtasari wa kikao wenye saini zote 12, na mama mmoja asiyejua kuandika akaweka dole gumba. Kila tulipofuatilia kwa afisa maendeleo ya jamii jibu lilikuwa kwamba fedha hazijatosha, tusubiri robo ijayo. Tulizisubiri robo nyingi.

Mwezi Juni 2022 bwana huyu alikuja kijijini kwa pikipiki, suruali ikiwa na vumbi hadi magotini, na nakiri kwamba siku ile nilimpenda. Alikaa kwenye stuli, nikampa chai ya maziwa na viazi vya kuchemsha, akafungua faili na kunionyesha orodha iliyochapwa ya vikundi vilivyokopeshwa katika kata yetu. Alikuwa akiweka kidole kwenye jina na kuniuliza, "Mama, huyu unamfahamu?" Wengine niliwafahamu, wengine hawakuwahi kuishi kijijini kwetu. Tulipofika kwenye jina la mwenyekiti wa kikundi cha nne nilishindwa kujibu mara moja, kwa sababu mwanamke huyo tulimzika mwaka 2019 na mimi nilikuwa miongoni mwa waliopika msibani. Kikundi chake kilikuwa kimepokea mkopo mwaka 2021. Alipiga mstari chini ya jina hilo kwa kalamu nyekundu, akapiga wa pili juu yake, akafunga faili na kuniambia, "Mama, jambo hili halitalala." Alipoondoka alinishukuru kwa lugha ya nyumbani, ndaga fijo, nami nikamfungia viazi debe moja akavifunge nyuma ya pikipiki yake.

Jambo lile lililala.

Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali humkabidhi Rais ripoti zake mwishoni mwa Machi, zikaingia bungeni Aprili, na baada ya hapo kila halmashauri hufanya baraza maalumu la madiwani la kujadili hoja zinazoihusu, yaani dosari zilizoonwa na wakaguzi, na hoja hufungwa ikionekana imejibiwa. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Mwaka 2023 tulikwenda wanawake wanne, tukakaa viti vya nyuma kabisa karibu na mlango. Ilipofika hoja ya mikopo, alisimama mtu wa menejimenti akaeleza kwamba marejesho yanafuatiliwa na kwamba wanaomba hoja hiyo ifungwe. Diwani mmoja, Mungu ambariki, aliuliza kama mkaguzi wa ndani ameridhika. Mkaguzi alikuwa kwenye meza ya wataalamu, wa pili kutoka ukutani, mbele yake chupa ya maji na kompyuta mpakato. Alijisogeza kwenye kipaza sauti bila kusimama akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, menejimenti imeshaleta vielelezo." Maneno yake yaliishia hapo. Niliyaandika nyuma ya risiti ya ushuru niliyokuwa nayo mkobani, na risiti hiyo ninayo mpaka leo, ingawa upande wa mbele wino wa mashine umekwisha kufutika.

Sasa naomba mnieleze, mtu aliyepambana peke yake ni yupi kati ya hawa wawili: yule wa kalamu nyekundu au yule wa vielelezo?

Wapo watakaonijibu hapa kwamba simtendei haki, na hoja yao ninaifahamu kwa sababu shemeji yangu alifanya kazi ya uhasibu halmashauri kwa muda mrefu. Ni kweli kwamba Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaitaka kila halmashauri iwe na mkaguzi wake wa ndani, na ni kweli vilevile kwamba mkaguzi huyo anamkagua bosi anayemuidhinishia mafuta, likizo na posho ya safari. Mkurugenzi ndiye afisa masuhuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, na taarifa ya kila robo mwaka inapita mezani kwake. Vitengo vingi vya ukaguzi wa ndani havina gari wala watumishi wa kutosha, na ndiyo maana yule alikuja kwa pikipiki. Yote hayo nayakubali. Lakini tangu mwaka 2010 kuna Mkaguzi Mkuu wa Ndani wa Serikali kule Hazina, kuna sekretarieti ya mkoa, kuna TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ambayo ofisi zake zipo kila wilaya, na kuna wakaguzi wa nje ambao kila mwaka wanafika na kuomba mafaili. Kama barua moja ilitumwa kwa mmoja wao, aionyeshe tuisome. Mimi simwiti fisi aliyepewa bucha, kwa sababu sina ushahidi wowote kwamba alikula. Ninachosema ni kwamba alikaa mlangoni mwa bucha akihesabu mapande yanavyotoka, na leo ananadi hesabu hiyo.

Angesimama pale uwanjani akasema kwamba alifungwa mikono, kwamba aliogopa kuhamishwa, kwamba ana watoto wanaosoma na anatuomba radhi, ningemsikiliza, na pengine ningempa kura yangu na kumwombea nyingine kwa jirani. Woga ni wa binadamu wote. Kinachonichoma ni kwamba ukimya wake uligharimu watu, na gharama hiyo haikuwa yake. Aprili 2023 mikopo ile ilisimamishwa nchi nzima, vikundi hewa na vikundi halisi tukafungiwa pamoja, na ilirejeshwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Kwetu sisi ilikuwa ni kuanza upya na fomu mpya. Katika kipindi hicho wanachama wetu wawili walikopa kwenye hizi taasisi za mikopo ya mtaani, zile zinazochukua godoro na sufuria ukichelewa kurejesha. Mmoja alichukuliwa mpaka cherehani.

Kuhusu ushuru sitasema mengi, maana hasira yangu haitoshi kwa yote. Itoshe kwamba mwaka 2017 Serikali iliwaondolea ushuru wa mazao wanaosafirisha mzigo usiozidi tani moja, na bado wanawake wenye magunia matatu kwenye bajaji walikuwa wanasimamishwa getini na kutozwa, mashine inasemekana haina mtandao, na wanaandikiwa karatasi kwa peni. Fedha hizo hazikuwa na njia ya kuonekana benki. Ndizo wanazoziita fedha mbichi, na kuzitumia kabla ya kuzipeleka benki ni kosa ambalo mkaguzi wa ndani anapaswa kulinusa kabla ya mtu mwingine yeyote. Geti lile lilikuwa mwendo wa dakika 20 kutoka ofisini kwake.

Nirudi kwenye ubunge. Ibara ya 144 ya Katiba yetu inamzuia mtu aliyewahi kuwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu kuteuliwa kushika madaraka mengine katika utumishi wa Serikali, na mtoto wa shule anaweza kuielewa sababu yake: anayekagua asiwe anakodolea macho kiti cha kesho kutwa. Kwa mkaguzi mdogo wa halmashauri hakuna ukuta wa namna hiyo. Leo anatia saini taarifa ya robo, kesho anaacha kazi na kuchukua fomu ya chama katika jimbo lilelile ambalo diwani, mwenyekiti wa kijiji na mkandarasi wa darasa ni watu ambao mafaili yao ameyashika. Hapa ndipo ninapokisia, na nasema wazi kwamba ninakisia: hoja ngapi zilifungwa kwa sababu vielelezo vililetwa, na ngapi zilifungwa kwa sababu aliyehusika ni mjumbe atakayepiga kura ya maoni ya kumpata mgombea wa chama? Sina jibu, na mwenye jibu ni yeye. Mpwa wangu anayesoma mambo haya aliniambia kwamba huko Marekani kaunti nyingi humchagua mkaguzi wao kwa kura, kwa mfano Allegheny, ulipo mji wa Pittsburgh, na kwamba kutoka hapo kwenda cheo kikubwa zaidi ni njia ya kawaida. Sawa, lakini kule mpiga kura anajua tangu mwanzo kwamba mkaguzi wake ni mwanasiasa na anaweza kumwondoa kwenye uchaguzi unaofuata. Sisi huyu tuliletewa kama mtumishi wa umma, asiyetuomba kura na asiyewajibika kwetu, na tulimfungulia milango na kumpa majina kwa imani hiyo.

Na akishinda, mbunge ni mjumbe wa baraza la madiwani na wa kamati ya fedha. Ina maana ataketi upande wa pili wa chumba kilekile, na zikisomwa hoja za miaka ile alipokuwa mkaguzi atakuwa miongoni mwa wanaoamua kama zifungwe. Wanaomshangilia wamelifikiria hilo?

Nimewaambia wenzangu wa kikundi kwamba tusimzomee, kwa sababu kuzomea kutampa nafasi ya kusema ametumwa mtu. Jumapili hii baada ya ibada ana mkutano mwingine na wajumbe wa kata, na nimeshamwomba mwenyekiti wa kijiji aniruhusu kuuliza. Nitakwenda na nakala ya maombi yetu ya mwaka 2020 yenye muhuri wa kupokelewa, na ile risiti yenye maneno yake kwa nyuma. Nitamwomba asome kwa sauti taarifa yake ya robo ya Aprili hadi Juni 2022, ukurasa wa mikopo ya kata yetu, tusikie kama jina la marehemu limo na ameandika nini mbele yake. Watoto wa marehemu nao watakuwepo, kwani mwaka jana walifuatwa nyumbani wakidaiwa marejesho ya mkopo ambao mama yao hakuwahi kuuona.

Kama kuna mtu humu aliyewahi kufanya kazi kitengo cha ukaguzi wa ndani, naomba anieleze kama mwananchi anaweza kupewa nakala ya taarifa hiyo, na ombi linaandikwa kwa nani. Nitarudi Jumapili jioni kueleza yaliyojiri.