Kufundisha watoto kuhusu marae za Wamaori na Wamoriori, nianzie wapi?

ticha_wa_kusini: Wadau habari zenu. Nafundisha watoto wa miaka 9 na 10 huku New Zealand, muhula ujao tunawapeleka marae (uwanja wa ukoo wa Wamaori, wenyeji asilia wa huku, wenye nyumba ya mikutano) kulala usiku mmoja. Nimeshawaambia wavue viatu, wasikalie meza wala mito, wasile ndani ya nyumba ya mikutano, ila naona wanachukulia kama sheria za shule tu. Halafu mzazi mmoja kaniuliza "na Wamoriori je?" nikabaki namtumbulia macho. Nisaidieni.

MamaNgao: Ticha makatazo weka mwisho. Anza na nyumba ya mikutano yenyewe, wharenui, ni mwili wa babu wa ukoo: mti wa juu ya paa ndio uti wa mgongo, makombamoyo ni mbavu, zile mbao mbili za mbele ni mikono. Wachore. Mtoto akishajua anaingia kifuani kwa babu hutamwambia mara mbili asile chipsi mle. Kisha fanyeni mazoezi ya powhiri, yaani sherehe ya kupokea wageni, uwanjani, mnasubiri langoni mpaka mama wa wenyeji aite (huo mwito, karanga, msiigize, muombeni mama anayeijua awajibie), mnaingia taratibu mkiwa kundi moja, mnasimama kidogo kuwakumbuka marehemu, ndio mnakaa zianze hotuba, na kila msemaji wenu akimaliza mnamuimbia, mwisho koha (zawadi ya wageni), hongi ya kusalimiana pua kwa pua, halafu chakula. Hicho chakula msikiruke eti mna haraka, ndicho kinachowatoa kwenye tapu (hali ya mwiko) ya ugeni.

bwana_dira: Safi, ila marae sio zote sawa. Kila iwi (kabila) ina kawa yake, yaani utaratibu wake, kuna wenyeji wanaomaliza hotuba zao zote ndio wageni waanze na kuna wanaopokezana, so wapigie simu kabla hujaprinti chochote. Na wasichana watauliza mbona wanaume ndio wanakaa mbele na kuhutubia. Usiwazime. Waambie bila sauti ya mama mgeni haingii, kisha waache wabishane, Wamaori wenyewe wanalijadili na kwa kabila la Ngati Porou wapo wanawake waliosimama kuhutubia tangu zamani.

kisiwani_kwetu: Kuhusu Wamoriori, kwao ni Rekohu, visiwa vya Chatham, kama kilomita 800 mashariki. Kuna stori ilifundishwa mashuleni miaka na miaka kwamba walikuwa wa kwanza New Zealand bara wakafukuzwa na Wamaori, na kwamba waliisha alipokufa Mmoriori mmoja, Tommy Solomon, 1933. Uongo mtupu, wapo. Marae yao ya Kopinga ilifunguliwa 2005 na ndani ina nguzo yenye majina zaidi ya 1,500 ya wazee waliokuwa hai 1835, mwaka ambao makabila ya Wamaori ya Ngati Mutunga na Ngati Tama walishuka na meli, wakaua wengi, waliobaki wakawafanya watumwa. Wamoriori walikaa kikao wakaamua kushika sheria ya mzee wao wa kale Nunuku ya kutoua mtu, wakaishika kweli. Mimi ningewauliza watoto swali moja tu, kwanini majina yale yako kwenye nyumba ya mikutano na sio makaburini? Halafu nyamaza uwasikilize.

ticha_wa_kusini: Aisee asanteni sana, hilo swali naliiba. MamaNgao, wasemaji wetu ni wawili na wimbo wanaoujua ni mmoja, turudie ule ule?

MamaNgao: Hapana, wafundishe wa pili hata kama mfupi. Muda bado mnao.