Tupeane uzoefu: ishara zilianza tukiwa bado wajawazito, nani aliziona?

Mama Wawili
Wapendwa, habari za saa hizi. Sonona ya uzazi, yaani huzuni nzito inayomkumba mama mjamzito au aliyejifungua, huwa tunaizungumzia mama akishazidiwa. Leo naomba tuanzie nyuma, wakati wa ujauzito. Kulikuwa na ishara? Na nini kilifanyika mapema kikasaidia?

Naanza mimi. Nikiwa chuoni niliugua sonona, nikatibiwa, nikapona. Mimba ya kwanza walinipima damu, mkojo, presha, kila kitu, ila hakuna aliyeuliza habari ya akili. Mtoto alizaliwa salama, mimi nikazama. Saa tisa usiku mtoto kalala fofofo, mimi nimeweka kiganja karibu na pua yake nihakikishe anapumua. Naondoa, narudisha. Hadi kunakucha.

Mimba ya pili, nesi aliniuliza siku ya kwanza ya kliniki: "Umewahi kuugua sonona au ugonjwa mwingine wa akili? Na ndugu zako je?" Aliyewahi kuugua yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua tena, kwa hiyo hatukusubiri. Nilianza kuonana na mshauri tumbo likiwa bado dogo. Mume wangu akachukua zamu ya mtoto ya usiku ili nipate angalau saa nne za usingizi usiokatika. Dada yangu ndiye aliyepewa ruhusa ya kuniambia "leo hauko sawa, twende hospitali" bila mimi kubisha. Siku za kulia zilikuwepo, lakini sikuzama.

Mkunga wa Zamu
Asante kwa kufungua hii mada. Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliotoka kujifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwenye nchi zenye kipato kidogo inapanda hadi 15.6 na 19.8. Hawa ni wengi mno kuachwa hadi waanguke.

Tunatumia dodoso la Edinburgh la kupima dalili za sonona, lipo tangu 1987. Maswali 10, alama kuanzia 0 hadi 30. Akifika 13 tunakaa naye kwa uchunguzi zaidi. Hospitali nyingine huanzia 10. Linachuja tu, halithibitishi ugonjwa. Swali la 10 linahusu kujidhuru, na hilo tunaliangalia peke yake hata jumla ikiwa ndogo. Nakumbuka mama aliyejaza tisa haraka haraka huku akitabasamu, kalamu ikasimama hapo. Nikavuta kiti, nikafunga mlango.

Jambo moja nalisisitiza: mama aulizwe akiwa peke yake. Mume au mama mkwe akiwa pembeni, jibu ni "sijambo" tu.

Baba K
Mimi ni mume. Mke wangu ana ugonjwa wa akili unaomfanya apande na kushuka, yaani baipola. Kabla hatujatafuta mtoto tulimwona daktari wake, akambadilishia dawa, maana alikuwa anatumia valproeti na hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ndugu zangu, msiache dawa kimya kimya mkiona mimba, na msiendelee nayo bila kuuliza.

Tuliandikiwa mpango: dalili za kuangalia, nani apigiwe, hospitali ipi. Siku chache baada ya kujifungua alikesha, na hakuonekana kuchoka. Alikuwa anaongea kwa kasi, anaruka mada, anasema mtoto ameletwa akiwa na ujumbe. Tuliondoka usiku uleule. Kuchanganyikiwa kwa namna hii huwapata mama 1 au 2 kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za mwanzo, na ni dharura. Kwa wenye baipola hatari ni kubwa zaidi. Alitibiwa, akarudi kwetu mzima.

Nuru
Kwangu ilikuwa ngumi za mwenza wangu. Nilipewa dawa za usingizi, hakuna aliyeuliza kwa nini silali. Mhudumu wa afya aliyekuja nyumbani ndiye aliyeuliza, "Unajisikia salama hapa?" Nilianza kupona nilipotoka.

Mama wa Mapacha
Pimeni na damu pia. Uchovu wangu wote ulichangiwa na upungufu wa damu. Tezi ya shingo nayo ikisumbua huleta dalili zinazofanana na sonona.

Mkunga wa Zamu
Nuru, pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kutoka. Wahudumu kama huyo wana kazi kubwa. Vijijini Pakistan, wajawazito wenye sonona walitembelewa na wahudumu wa afya wa kawaida, si madaktari, waliofundishwa mazungumzo ya kubadili fikra. Utafiti ulichapishwa 2008: mtoto akiwa na miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, ikilinganishwa na 53 kwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo.

Mgeni Hapa
Shikamoo mkunga. Nina wiki 30. Nalia kila siku, chakula hakipiti, nguo za mtoto sitaki hata kuziona. Nianzie wapi?

Mkunga wa Zamu
Marahaba mwanangu. Usisubiri tarehe ya kliniki, nenda kesho. Ukifika mwambie nesi maneno haya haya uliyoandika. Usiku wa leo mwambie mtu mmoja unayemwamini. Je, mawazo ya kujidhuru yamekujia? Kama ndiyo, usilale peke yako, nenda hospitali sasa hivi. Nijibu, nipo hapa.